Mkono Uliopumua Badala Yako

Mwanangu Imran,

Salamu za mtu aliye karibu nawe, hata akinyoosha kidole atakugusa pua. Najua hujui kusoma. Hata macho bado hujayafungua kisawasawa, unayafungua kama mtu anayechungulia wageni mlangoni kisha anaamua kuwa hayupo nyumbani. Lakini kesho tunatoka, na nyumba pekee unayoijua wewe ni hii wodi ya watoto wachanga, na joto lake na kelele zake. Kwengine kote nitakakokupeleka utakuwa mgeni. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia kama wazazi wanavyomwandikia mtoto anayekwenda mbali, ijapokuwa safari yenyewe ni ya kutoka hapa Malindi mpaka Mambrui tu.

Habari za kuoga, kunyonya na kukandwa mafuta siziandiki. Hayo bibi yako Rukia, mama wa baba yako, anayajua kuliko mimi, na atanifunza nitake nisitake. Mimi nataka kukwambia ninachoogopa, kwa sababu wewe ndiye mtu pekee ambaye hatanijibu.

Mamako ni mtu wa haya. Nimesoma kwa lugha mbili, asubuhi Kiingereza shuleni, alasiri Kiswahili na Kurani chuoni, na nimeona haya kwa zote mbili. Mwalimu akiuliza swali, jibu nilikuwa nalo, nikalimeza. Kuna siku nilijua kuwa jibu lililoandikwa ubaoni si sahihi, nikalinakili hivyo hivyo nilivyoliona, darasa zima tukakosa pamoja. Nyumbani nikasifiwa. "Binti huyu ana adabu, sauti yake huisikii." Mamangu mzazi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na sifa ile ndiyo kitu kilichokuwa kikinifanya nione kuwa nalelewa na mtaa mzima. Kitu unachosifiwa tangu utotoni hukiachi kwa siku moja.

Siku uliyozaliwa kulikuwa na arusi mtaani kwetu. Nilikuwa uani namenya vitunguu na wanawake. Ulikuwa bado hujafika wakati wako, kulikuwa na wiki nyingi za kukaa tumboni. Nikahisi maji yamenitoka, kidogo, yakalowesha leso. Hebu fikiria, Imran, uani pale walikuwa wanawake waliozaa na kuzaa tena, kila mmoja angejua la kufanya. Lakini mashemeji walikuwa wakiingia na kutoka na masufuria, na mama mmoja akaanza kunitania, "Mbona umejibana hivyo, wewe bi arusi wa mwaka jana? Au na wewe wataka kupelekwa fungate tena?" Wakacheka. Nikacheka nao. Nikajifunga leso ya pili juu ya ile ya kwanza nikaendelea kumenya.

Pilau ilipopakuliwa ndipo nikainuka, na bibi yako akaona mkeka.

"Hii nini?"

"Maji, mama."

"Yamekutoka tangu lini?"

"Tangu vitunguu, mama."

Alinishika mkono mbele ya watu wote akanivuta mpaka barabarani kutafuta gari, huku akisema, "Tangu vitunguu! Ya Rabi, tangu vitunguu!" Ulizaliwa kabla ya alfajiri, ukalingana na kuku mdogo wa sokoni. Sista Kadzo, muuguzi wa wodi hii, aliniambia kwamba huenda ungezaliwa siku hiyo hiyo tu hata kama ningesema mapema. Ile "huenda" yake nalala nayo.

Sasa nikwambie habari za mashine, maana bila hiyo hutaelewa.

Mtoto wa kabla ya wakati husahau kupumua. Sista alituambia hivyo hivyo, kama mtu anayesema mtoto husahau viatu. Pumzi inakatika, mtoto anatulia, na asipokumbushwa anazidi kutulia. Zamani walikuwa wakiwabandika watoto nyaya kifuani na miguuni ili mashine ijue wanavyopumua. Wewe pia walikubandika siku za mwanzo, na walipoibandua ile plasta ngozi yako ilifuata, nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Hukulia hata, ulikunja uso tu. Niliona afadhali wanibandue mimi ngozi ya uso.

Basi zikaletwa mashine mpya ambazo hazigusi. Ni kibao chembamba, kinalazwa chini ya godoro lako, na waya wake unakwenda kwenye kioo kidogo ukutani. Kibao kinausikia mtikisiko wa kifua chako na wa moyo wako kupitia godoro, kioo kinaandika namba na mstari unaopanda na kushuka. Ukisahau kupumua, inalia. Kwa kuwa nilikuwa na Kiingereza changu, Sista alinipa mimi kazi ya kuwasomea wenzangu maneno yaliyoandikwa pale. Na siku ya kwanza alitupa onyo moja: "Mtoto akiwa kitandani, msiegemee, msiweke mkono kwenye godoro. Hiki kibao hakina macho. Kikitikiswa na mwengine kitadhani ni mtoto."

Nililisikia onyo lile. Nilimweleza hata Dama, jirani yetu wa kitanda cha pili, mwanamke wa Marereni kwenye mashamba ya chumvi, ambaye binti yake mdogo analala kama amelipwa. Kwa hiyo usije ukasema mamako hakujua.

Mashine ilipolia mara ya kwanza, wodi nzima iligeuka. Akina mama, Sista, mfagiaji, hata mzee mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Wote walinitazama mimi, si wewe. Sista akaja mbio, akakugonga wayo kwa kidole, ukavuta pumzi, namba zikarudi. "Hajambo," akasema, akaenda zake. Lakini mimi uso ulikuwa unawaka. Nilijifunika ushungi mpaka machoni.

Ikalia tena, na tena. Mara nyingine ilikuwa kweli, mara nyingine umejinyoosha tu. Sista mwenyewe alisema kuwa hulia bure wakati mwengine, na neno hilo nililishika kwa mikono miwili.

Kisha alikuwapo bibi yako. Anakuja kila alasiri na kikapu chake cha uji na samaki wa kupaka, anakaa kwenye kiti, na kana kwamba mashine ilikuwa ikimsubiri, inalia.

"Mbona ya mwenzio haipigi kelele?" akaniuliza, akimwangalia mtoto wa Dama.

"Sijui, mama."

"Una mkono gani wewe? Kila nikitia mguu mjukuu wangu anapigiwa king'ora kama mwizi."

Dama akadakia, "Bi Rukia, labda mtoto anamwogopa bibi."

"Nyamaza wewe na chumvi zako," bibi yako akajibu, nao wakacheka, wanapatana wawili hao. Nikacheka nami. Lakini ndani yangu nilikuwa nimeshahukumiwa. Nilikuwa nimemtoa mjukuu wake kabla ya wakati kwa sababu ya vitunguu, na sasa kila siku chombo cha ukutani kilikuwa kikimtangazia kuwa hata kumlea siwezi.

Siku moja nilikuwa nakubembeleza. Hujui mimi nakubembeleza vipi? Nakupigapiga pembeni, polepole, kama sisi watu wa Mambrui tunavyobembelezwa tangu enzi na enzi, mkono juu ya godoro karibu na ubavu wa mtoto, pa, pa, pa. Nilijisahau tu. Mashine ilikuwa imeanza kulia, na mkono wangu ulipopiga, ikanyamaza. Nikauondoa mkono, ikakaa kidogo, ikalia. Nikaurudisha, ikanyamaza. Kwenye kioo mstari ukapanda na kushuka vizuri kuliko siku zote, umepangika kama mwandiko wa mwalimu.

Nilikutazama wewe, ulikuwa umeshajinyoosha na unapumua. Wallahi nilikutazama. Nikasema, si kitu, ilikuwa ikilia bure.

Tangu siku hiyo, kila bibi yako alipokaa kwenye kile kiti, mkono wangu uliingia chini ya leso uliyofunikwa nayo. Pa, pa, pa. Nikiona daktari anakuja kupita, pa, pa. Nikiona wageni wa mwenzangu ni wengi na wanatazamatazama, pa. Wodi ikatulia. Bibi yako akafurahi. "Sasa umemshika," akaniambia. "Sasa umekuwa mama." Hujui nilivyolipenda neno lile. Nilikuwa sijaambiwa neno zuri tangu ile arusi ya vitunguu.

Juzi, baada ya alasiri, bibi yako alikuwa amesimama kidogo kuongea na Dama habari za bei ya mchele. Mkono wangu ulikuwa mahali pake. Ushungi ukanidondoka begani, nikainua mkono kuuweka sawa. Mstari kwenye kioo ukalala pale pale. Haukushuka taratibu, ulilala. Kengele ilikuwa bado haijalia, huwa inangoja kidogo. Nikafunua leso.

Midomo yako ilikuwa na rangi ya zambarau zilizoiva. Kifua kilikuwa kimetulia, Imran. Kilikuwa kimetulia sijui tangu lini, kwa sababu aliyekuwa akipumua kwenye kile kioo ni mimi.

Nikakugonga wayo. Hukurudi. Nikakugonga tena kwa nguvu, nikakusugua mgongo, nilikuwa nasema kitu lakini sijui kwa lugha gani. Ukakohoa kikohozi kidogo, ukavuta, ukalia kile kilio chako cha paka. Ndipo mashine nayo ikatoa mlio mmoja mfupi, kama mtu aliyechelewa kufika msibani.

Dama akageuka. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikasema.

Bibi yako akaniangalia. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Amepaliwa na maziwa."

Ndivyo nilivyosema, mara mbili, na mikono yangu nikaikalia.

Jana daktari alipopita, alisimama mbele ya kioo chetu akarudisha nyuma kumbukumbu za mashine. Alikuwa ametuambia tangu mwanzo kuwa zikipita siku kadha mfululizo pumzi yako haijakatika, tutatoka. Akatikisa kichwa kwa furaha. "Huyu amekuwa mzuri sana," akasema kwa Kiingereza, na akanigeukia mimi kwa sababu anajua naelewa. "Any questions?" Nilikuwa na neno moja tu mdomoni. Nyuma yake walikuwa wamesimama wanafunzi wa uuguzi na madaftari yao, vijana wa umri wangu, wawili nadhani niliwaona shuleni. Nikatikisa kichwa kuwa sina.

Kwa hiyo kesho tunatoka. Bibi yako ameshafukiza udi chumba chetu na amewaambia wanawake wa mtaa waje kukulaki. Baba yako ameomba ruhusa kule Marereni kwenye mashamba ya chumvi, atakuja na gari la rafiki yake. Mikono yake imepasukapasuka kwa chumvi, kila akija anakutazama tu, anasema, "Nitamkwaruza." Amenitumia ujumbe amenunua mafuta, anajipaka kila jioni ili kesho akushike yeye kutoka mlangoni mpaka garini.

Na mimi nimekaa hapa nimefungasha nguo zako, nakuangalia, na nafanya hesabu ambayo haitoki. Chumba chetu Mambrui hakina kibao chini ya godoro. Kina mimi. Na mimi ndiye nani? Ni yule aliyekaa na maji mpaka pilau ikapakuliwa. Ni yule aliyesema umepaliwa. Ukisahau kupumua mbele ya wanawake wale waliojaa chumbani na vicheko vyao, nitapiga kelele au nitajifunga leso ya pili?

Nilitaka kumaliza barua hii kwa kukuombea dua na kukuambia ukikua usiwe kama mimi. Nimeanza sentensi hiyo nikaifuta. Ni uongo kukwambia "ukikua," na hali daktari amekuruhusu ukue kwa pumzi za mkono wangu.

Sista Kadzo anapita vitandani sasa. Ameanza na kona ya mbali. Nikimaliza ukurasa huu atakuwa amefika kwa Dama.

*

Nimerudi. Mwandiko wangu utauona umepinda, nakuandikia kwa mkono mmoja na sababu yake utaijua.

Nilisimama. Nikamwambia, "Sista, nataka kukwambia kitu." Akasema, "Sema." Dama alikuwa macho. Mama wa kitanda cha tatu alikuwa macho. Nikasema, "Kando." Akasema, "Mwanangu, nina watoto wote hawa, siwezi kwenda kando. Sema."

Nikasema pale pale. Nilianza kwa Kiswahili, nikashindwa, nikaingia Kiingereza nikidhani wenzangu hawatafuata, nikashindwa huko pia. Mwishowe nilimwonyesha. Nilikutoa wewe kitandani, nikalaza mkono wangu kwenye godoro tupu, pa, pa, pa. Mstari ukapanda na kushuka. Kitanda hakina mtoto na kioo kinasema mtoto hajambo.

 Sista Kadzo alikuchukua, akakufunua kifua, akakutazama kwa saa yake ya mkononi mpaka nikadhani amenisahau.

"Ilikuwa lini?"

"Juzi, baada ya alasiri."

"Midomo?"

"Zambarau."

"Alirudi kwa kugongwa wayo?"

"Na mgongo."

"Na kabla ya hapo, mara ngapi?"

"Sijui, Sista. Mkono wangu ulikuwa pale."

Uso wake ulikaza. Nilimwona akitaka kuniambia kitu kikali, nikamwona akikirudisha. Akasema, "Kesho hamtoki." Akaenda kumpigia daktari simu. Aliporudi alisema dawa yako ya kukumbusha pumzi waliyoiacha wiki hii inaanzwa tena, na siku zako zinahesabiwa upya. Kisha akasogea karibu.

"Daktari atakuja asubuhi na wanafunzi wake. Atakuuliza. Utamwambia hivi ulivyoniambia?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Sijasikia."

"Ndiyo, Sista."

Akanivua ushungi mabegani, akanifungulia vifungo, akakulaza kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja kwa leso. "Mkono wenyewe," akasema, "uweke mgongoni kwake. Hapo utamsikia yeye, si wewe." Sijui kama alinihurumia au alikuwa ananipa adhabu. Huenda hajui naye.

Kisha nikampigia bibi yako. Hilo niliogopa kuliko yote.

"Mama, kesho hatutoki."

"Kwa nini? Watu nimeshawaalika!"

Nikamweleza. Nilisikia redio nyuma yake ikizimwa.

"Ulikuwa ukifanya hivyo na mimi nikiwepo?"

"Ulipokuwepo ndiyo zaidi, mama."

Nikasikia pumzi zake tu. Simu ikakatika. Sijui ameikata au imekatika yenyewe, na sijathubutu kupiga tena. Baba yako nimemwandikia ujumbe, nikamwambia aje akushike hata hivyo, hapa napo kuna mlango. Hajajibu.

Ulikuwa umelala kifuani nikifikiria uso wa bibi yako kesho alasiri, na ghafla sikukusikia. Mkono ulikuwa mgongoni kwako na mgongo haukuinuka. Nikangoja. Haukuinuka.

"Sista!"

Imran, sauti ile sikujua ilitoka wapi. Watoto wote waliamka. Mashine mbili zililia kwa mshtuko wa vilio. Sista Kadzo alikuja mbio na kiatu kimoja, akatufungua, akakutazama, nawe ukampigia mwayo usoni.

"Anapumua," akasema. "Alikuwa anavuta taratibu tu."

Dama alikaa kitandani, binti yake anapiga makelele kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Loo!" akasema. "Mtu wa Mambrui umetuua! Nilidhani paa limeanguka."

"Samahani," nikasema. "Samahanini nyote."

Sista alikuwa anatafuta kiatu chake chini ya kitanda. "Usiombe samahani," akasema bila kuinua kichwa. "Ita tu."

Wodi nzima imenitazama na uso unawaka kama siku zote, haya hazijaondoka, na sidhani zitaondoka. Naogopa kesho asubuhi, naogopa kesho alasiri, naogopa siku tutakayotoka kweli, siijui ni ipi. Lakini mgongo wako umeinuka sasa hivi chini ya kiganja changu. Umeshuka. Umeinuka.

Lala, mwanangu. Safari haipo. Mimi nitaita, na mara nyingi nitaita bure.

Mamako.